Kupe Mwenye Mapambo na Ugonjwa wa Maji Moyo

Mbuzi aliyekula majani vizuri jana akifa ghafula leo, wengi husema amelishwa sumu. Yafaa mfugaji wa Singida kwanza amtazame chini ya mkia, katika kiwele na mapajani. Huenda akamwona kupe mkubwa mwenye pete nyeupe miguuni; dume lake lina mgongo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeusi. Kupe huyu ndiye achukuaye ugonjwa wa maji moyo.

1. Asili ya ugonjwa. Ugonjwa wenyewe watokana na bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1900, huko Afrika Kusini, Lounsbury alithibitisha kwamba kupe ndiye mchukuzi, na mwaka 1925 Cowdry aliviona vijidudu hivyo. Hukaa katika kuta za mishipa ya damu na kuzidhoofisha, hata majimaji yakavuja na kujaa penye moyo na mapafu.

2. Maisha ya kupe. Jike akiisha kushiba huanguka chini, hutaga mayai maelfu mengi, kisha hufa. Mtoto wake ana miguu 6. Hunyonya mnyama wa kwanza, huanguka na kujivua ngozi, akawa na miguu 8. Hunyonya wa pili, akajivua tena. Na akiwa mzima hunyonya wa tatu. Vijidudu alivyovipata kwa mnyama mmoja huvitia katika mwingine.

3. Wanyama wa porini. Nyati, kama wale wa mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni, huweza kuwa na vijidudu hivi pasipo kuugua. Kupe wachanga huchukuliwa hata na ndege kama kanga. Lakini mfugaji asilaumu pori tu: ng'ombe aliyepona huweza kubaki na vijidudu mwilini kwa muda mrefu, na kupe akavitoa kwake akampelekea mbuzi wa zizi lilo hilo. Wanyama wageni, walionunuliwa mahali pasipo na kupe huyu, ndio walio katika hatari kubwa.

4. Dalili. Mnyama hupata homa kali, hupumua kwa shida, huinua miguu juu mno aendapo, huzunguka mahali pamoja na kutafuna bila chakula. Mwisho huanguka akirusha miguu kama akimbiaye.

5. Kinga na dawa. Kupe huyu hatii vijidudu mara aumapo. Kwa kawaida hupita siku moja au zaidi. Basi kagua mbuzi na kondoo kila jioni, ukawatoe kupe kabla ya wakati huo. Usiache madume, kwa kuwa dume lililokwisha kunyonya siku kadhaa hutoa harufu iwaitayo kupe wengine. Usiwapasue kwa vidole, maana huchukua pia bakteria nyingine iletayo homa kwa watu, wachome moto. Ogesha mifugo kwa dawa kama aelekezavyo Bwana Mifugo, na umwite siku ile ile uonapo homa, kwani dawa ya tetrasaiklini huponya ikitolewa mapema. Mnyama akiisha kuanguka, mara nyingi hapana dawa tena.

Mfugaji akaguaye kila jioni hutumia muda mchache. Asiyekagua huweza kupoteza mbuzi wa mahari ya mwanawe.