Laptopu inakwama? Usikimbilie mpya

Una video ya harusi ya kuhariri, mteja ameshalipa nusu, na laptopu inakwama kila ukigusa picha za 4K. Tulia kwanza, usikope pesa ununue nyingine.

Weka video kwenye SSD, si diski ya zamani inayozunguka. Ongeza RAM ifike GB 16. Kisha pakua DaVinci Resolve, ina toleo la bure, uiagize itengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za video zako. Utakata kwa hizo nyepesi. Wakati wa kutoa kazi, chagua zile halisi, ubora haupotei.

Na usifute kadi ya kamera kabla hujahifadhi nakala mbili mahali tofauti. Laptopu inanunuliwa, msee. Harusi ya watu hairudiwi.