Mbona app inajifunga ukifungua miamala ya zamani?

Unafungua historia ya miamala, app inaganda, halafu inajifunga. Usikimbilie kuilaumu simu. Mara nyingi developa ameuliza hifadhidata, kisha rekodi zote zilizorudi akazijaza kwenye orodha moja ndani ya RAM.

Rekodi 200 hazina neno. Zikifika 200,000, kila moja kilobaiti 1, hiyo ni kama megabaiti 200. Na Android huiwekea kila app kikomo chake cha kumbukumbu, hata kama simu bado ina nafasi. Kikivukwa, app inaanguka.

Dawa si ngumu, inashangaza inavyosahaulika: kuongeza LIMIT 50 kwenye swali la SQL. Zinakuja rekodi 50 tu, nyingine zinaletwa mtumiaji akiendelea kushuka.