Kind of Blue: kwa nini nakala za zamani zinapiga juu kidogo

Wadau, ugonjwa wa jazz umenishika kweli. Siyo ya Morogoro Jazz, ile ni dansi iliyobeba jina (naipenda pia). Nazungumzia Miles Davis na Kind of Blue ya 1959.

Sasa sikieni. Tarehe 2 Machi 1959, studio ya Columbia, New York, zilikuwa zinazunguka mashine mbili za kurekodia. Ile kuu ilikwenda taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa. Mkanda wake ukiupiga kwenye mashine yenye mwendo sahihi, muziki unakimbia na sauti inapanda. So What, Freddie Freeloader na Blue in Green zikatoka hivyo kwenye santuri, kwa zaidi ya miaka 30! Mkanda wa akiba ulikuwa mzima, na toleo la 1992 likautumia.

Mimi najifunza tarumbeta kwa sikio. Ukifuatisha nakala ya zamani, noti yako inabaki chini ya ile ya Miles, unadhani sikio ndilo bovu. Upande wa pili, uliorekodiwa 22 Aprili, hauna shida hiyo. Mwenye CD aangalie kwanza mwaka wa toleo. Na Coltrane mle ndani... acheni tu.