Jedwali dogo linaloamua safari ya data kati ya Migori na Homa Bay

KARANI wa maabara mjini Migori anapobonyeza kitufe ili kumtumia daktari aliye Homa Bay matokeo ya vipimo vya mgonjwa, matokeo hayo hayajui njia ya kufika huko.

Wanaoijua njia ni vifaa vilivyofungiwa katika makabati ya mitambo, yaani swichi na ruta. Kila kimojawapo huangalia orodha iliyo ndani yake, kisha huamua data ielekee wapi. Orodha hiyo huitwa jedwali la njia.

Mtandao unapopotea, wengi hulaumu kebo iliyokatika, umeme au kampuni inayouza huduma. Ni wachache wanaolifikiria jedwali hili, ingawa mstari mmoja uliokosewa unaweza kuifungia ofisi nzima mawasiliano ilhali taa zote za mitambo zinawaka kama kawaida.

Swichi ndogo ya dukani haina orodha kama hiyo. Kazi yake ni kuunganisha kompyuta za chumba kimoja, na hujua tu kompyuta ipi imechomekwa katika tundu lipi. Lakini swichi kubwa zinazotumiwa katika hospitali, vyuo vikuu na makao makuu ya kaunti hufanya pia kazi ya ruta. Husoma anwani ambayo kifurushi cha data kinaelekea, kisha hukipitishia mlango unaofaa.

Kazi hiyo haina tofauti kubwa na ile ya utingo katika stendi ya matatu ya Migori. Utingo hahitaji kuijua nyumba anayokwenda abiria. Humwelekeza tu gari la kupanda: wa Isebania upande huu, wa Awendo na Rongo upande ule. Abiria afikapo Rongo, mwingine humwonyesha njia inayochepuka kwenda Homa Bay, badala ya kuendelea moja kwa moja hadi Kisii. Data nayo husafiri hatua kwa hatua, na kila kifaa hujua kituo kinachofuata tu.

Kila mstari wa jedwali hubeba mambo matatu makuu: kundi la anwani, kituo kinachofuata, na nambari inayoonyesha ni njia ipi ipewe kipaumbele. Mistari miwili ikilingana na anwani moja, ule uliotaja kundi dogo zaidi la anwani ndio unaofuatwa. Anwani isiyopatikana popote katika orodha hupelekwa kwa njia ya jumla, ambayo kwa ofisi nyingi za mashambani ni kebo inayoelekea Nairobi.

Kenya ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba njia ya data haifuati umbali wa ardhini. Kabla ya mwaka wa 2000, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti zilizo Nairobi ilirushwa kwa setilaiti hadi Ulaya au Marekani, kisha ikarudishwa kwa setilaiti. Majirani walikuwa wakizungumza kupitia ng'ambo, na kampuni zililipia safari hiyo kwa fedha za kigeni.

Novemba 2000 kampuni hizo zilianzisha kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP, ambacho kiini chake kilikuwa swichi ya kuziunganisha hapa hapa nchini. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika. Tume ya Mawasiliano ya Kenya, CCK, ikaamuru kituo kifungwe kikiwa kimefanya kazi kwa wiki chache tu. Baada ya mvutano mrefu kilipata leseni, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Safari iliyochukua zaidi ya sekunde moja sasa ilichukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Somo hilo lingali na maana kwa Migori na Homa Bay. Ofisi mbili zikitumia kampuni tofauti, data yao hukutana pale kampuni hizo zinapokutana. Huenda basi ikasafiri hadi Nairobi na kurudi, ingawa mji wa Rongo uko katikati yao. Kebo ikikatika huko mbali, majirani hawa wawili hupotezana.

Ndiyo sababu msimamizi wa mtandao hutakiwa kuweka njia ya akiba, kwa mfano kupitia mtandao wa simu. Njia hiyo hupewa nambari ya kipaumbele cha chini ili itumike tu ile ya kwanza inapokufa. Njia zilizoandikwa kwa mkono huwa hazijirekebishi zenyewe. Zile zinazojifunza kwa itifaki kama OSPF hubadilika vifaa vinapoarifiana kwamba kiungo kimekatika.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kusahau njia ya kurudi: data inafika Homa Bay, lakini swichi ya huko haina mstari wa kuelekeza majibu Migori, na karani hudhani hakuna kilichofika. La pili ni vifaa viwili kurushiana kifurushi, kila kimoja kikiamini kwamba mwenzake ndiye anayeijua njia. Kifurushi hicho huzunguka mpaka idadi ya hatua kilizoruhusiwa iishe, kisha hutupwa.

Jedwali pia lina kikomo. Tarehe 12 Agosti 2014 orodha ya njia za intaneti duniani ilipita takriban 512,000, kiwango ambacho kumbukumbu za mitambo mingi ya zamani zilikuwa zimetengewa. Huduma zilikwama katika nchi mbalimbali, ingawa watengenezaji walikuwa wametoa onyo miezi kadhaa kabla. Leo orodha hiyo imepita njia 900,000.

Ofisi ya kaunti haihitaji kubeba orodha hiyo yote. Inahitaji mistari michache iliyo sahihi: ya idara zake, ya jirani zake, njia moja ya jumla na nyingine ya akiba. Mistari ya ofisi zilizohama ifutwe. Kila badiliko liandikwe pamoja na tarehe na sababu yake, na nakala ya jedwali ihifadhiwe nje ya swichi yenyewe.

Njia ya akiba nayo ijaribiwe mapema, kwa kuichomoa kebo kuu makusudi wakati kazi ni chache. Njia isiyowahi kujaribiwa hugunduliwa kuwa mbovu siku ile daktari anapongoja majibu ya mgonjwa.