Kanisa likitaka kununua RAV4: ya kujua kabla ya kutuma feza

Swali moja linazunguka siku hizi katika makanisa ya Kasongo, Kabambare na Wamaza. Mchungaji wa wilaya anazeeka juu ya pikipiki, wagonjwa wanasukumwa kwa kinga, na watoto wa kanisa walio Lubumbashi, Kinshasa ao Ulaya wanasema wako tayari kuchanga ili motokari inunuliwe. Halmashauri inakaa, inaomba, kisha mtu mmoja anatoa simu na kuonyesha picha. Karibu kila mara ni picha ya RAV4, safi, inang'aa, imesimama kwenye lami ya Japani.

Tunaandika haya kwa ajili ya ile halmashauri. Feza za motokari moja mara nyingi ni matoleo ya miaka mitatu ao minne ya kanisa zima, yule mama anayeuza mihogo akiwa ndani. Zikipotea, hazipotei peke yake. Makanisa yamegawanyika kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kwanza, neno "jeep" linatudanganya. Kwetu kila motokari iliyoinuka kidogo inaitwa jeep, kama vile RAV4 na Land Cruiser ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Toyota ilipotoa RAV4 mwaka 1994, iliijenga kwa vipande vya motokari zake ndogo kama Corolla. Mwili na sehemu ya chini ni kitu kimoja. Hakuna chasisi nzito ya chuma iliyolala chini kama ya Land Cruiser. Honda ilifuata na CR-V mwaka 1995, Subaru na Forester mwaka 1997, Nissan na X-Trail mwaka 2000, Hyundai na Tucson mwaka 2004. Zote zina wazo moja: mtu wa mjini apate motokari iliyoinuka kidogo, isiyokunywa esanse nyingi, inayoweza kupita penye theluji ao udongo mwepesi. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Lakini waliozichora hawakuwa wakifikiri juu ya barabara ya Salamabila mwezi wa Novemba.

Pima kutoka udongo mpaka tumbo la RAV4: utapata karibu sentimita 19. Malori yakipita wakati wa masika, yanachimba mifereji miwili inayofika magotini. Motokari ndogo ikiingia humo inalala kwa tumbo, magurudumu yanazunguka hewani, na vijana wa kijiji cha karibu wanapata kazi ya siku nzima. Tena, yale "magurudumu manne" si sawa na ya Land Cruiser. Katika RAV4 zilizotoka tangu 2005, na katika CR-V na X-Trail nyingi, nguvu inakwenda kwanza kwa magurudumu ya mbele. Ya nyuma yanasaidia tu ya mbele yakianza kuteleza. Hakuna vitesi ya pili ya kutambaa, ile ya kupanda kilima chenye matope polepole na kwa nguvu. Suzuki Escudo, inayoitwa pia Grand Vitara, ni tofauti: nyingi zina vitesi hiyo. Haina sifa mdomoni mwa watu kama RAV4, lakini kwa barabara zetu ningeiangalia mara mbili.

Kwa hiyo halmashauri ijiulize motokari itakwenda wapi hasa. Ikiwa ni kuzunguka Kasongo mjini, kupeleka mgonjwa hospitalini, kwenda mpaka Lualaba, na safari za mbali kufanywa wakati wa kipwa, tangu Juni mpaka Agosti, motokari ya namna hii itatumika vema miaka mingi. Ikiwa ni mchungaji kufikia makanisa ya ndani ya Kabambare mwaka mzima, tuseme ukweli: pikipiki mbili nzuri na feza za kuzitunza zitafika mahali pengi kuliko RAV4 moja. Pikipiki inapita kwenye daraja la miti miwili, inapakiwa ndani ya mtumbwi. Najua jibu hili halifurahishi. Motokari ina heshima yake, na kanisa la jirani limekwisha kununua ya kwao. Kuna pia jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini: kwenye njia ambako watu wenye silaha wanasimamisha wasafiri, motokari inayong'aa inatangaza feza kabla dereva hajafungua mdomo.

Juu ya motokari mpya kabisa sitakawia. RAV4 mpya huko Marekani inakaribia dola 30,000 ao kupita, kabla ya meli na kabla ya duane. Tena ile ya kizazi cha sita, iliyoonyeshwa mwaka 2025, huko inauzwa ya haibridi tu: injini ya esanse pamoja na mota ya umeme na betri kubwa. Ni fundi gani wa Kasongo ataifungua?

Basi tunabaki na zilizotumika, na nyingi zinatoka Japani. Watu wanashangaa kwa nini Wajapani wanauza motokari ambazo bado ni nzima. Sababu moja ni ukaguzi wa lazima wa kwao: motokari mpya inakaguliwa ikiisha miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama inapanda kadiri inavyozeeka. Wengi wanaona afadhali kuiuza. Inapita mnadani, na mkaguzi wa mnada anaijazia karatasi yenye alama. Alama 4 ao 4.5 ni motokari nzuri, 3.5 imechoka kidogo lakini inafaa. Herufi R inasema iligongwa ikatengenezwa. Karatasi hiyo ndiyo ya kuomba kwa muuzaji kabla ya mambo mengine yote. Picha haionyeshi mlango uliobadilishwa, karatasi inaonyesha. Pia inaandika kilometa. Motokari ikifika Dar es Salaam na kilometa pungufu kuliko zilizoandikwa mnadani, mmejua kwamba kuna mtu aliyerudisha saa nyuma.

Angalieni sana namba ya chasisi, kwa sababu inasema ukweli ambao muuzaji anaweza kuusahau. RAV4 ya Japani ya tangu 2005 yenye injini ya lita 2.4, ikianza na ACA31, inavuta kwa magurudumu manne. Ikianza na ACA36, ni ya mbele tu. Kwa macho ni mapacha. Vanguard, ambayo ni RAV4 iliyorefushwa, ni ACA33 kwa magurudumu manne na ACA38 kwa mawili. Kwa X-Trail ya pili, NT31 ni manne, T31 peke yake ni mawili. Kununua ACA36 kwa ajili ya Maniema ni kununua Corolla iliyovaa viatu virefu.

Injini hiyo ya lita 2.4 ina nguvu, lakini inajulikana kwa kula mafuta ya injini ikisha kuzeeka. Dereva asiyepima mafuta kila juma ataiua bila kusikia kitu. RAV4 za kwanza, za 1994 mpaka 2000, zina mkanda ndani ya injini unaopaswa kubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi. Zilizofuata zina mnyororo, ambao kwa kawaida hauhitaji kubadilishwa hivyo. X-Trail ya pili mara nyingi ina vitesi automatiki inayotumia mkanda wa chuma, inayoitwa CVT. Inataka mafuta yake maalumu, si yoyote yale ya dukani, na haipendi kulazimishwa ndani ya matope mpaka inachemka. Ikiharibika, kuibadilisha kunaweza kula sehemu kubwa ya bei ya motokari yenyewe. Ikiwa inapatikana ya vitesi vya mkono, chukueni ya mkono.

Wapendwa wetu wa Ulaya wanapenda kutuma RAV4 ya mazutu kutoka Ubelgiji, kwa meli ya Antwerp mpaka Matadi. Usukani wake uko upande wa kushoto, unaofaa kwetu, maana Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Tatizo ni mazutu yenyewe. Injini hizo za kisasa zinasukuma mazutu kwa nguvu kubwa sana kupitia matundu madogo kuliko sindano. Mazutu yaliyotoka kwenye bidoni, yenye maji na mchanga, yanaziharibu. Esanse ya bidoni nayo si safi, lakini injini ya esanse inaivumilia zaidi, hasa mkiichuja kwa kitambaa safi na kubadilisha filta mapema. Halafu Matadi ni mbali na Kasongo kuliko Dar es Salaam. Ramani ya nchi yetu ndivyo ilivyo.

Motokari za Japani zina usukani wa kuume. Serikali ya Kinshasa ilikwisha kutangaza kukataza kuziingiza, na imeweka pia mipaka ya umri wa motokari inayoingia, lakini mashariki zinatembea mbele ya macho ya kila polisi. Msijenge juu ya "kila mtu anafanya". Kabla ya kulipa, mtu wa halmashauri aende kwenye ofisi ya DGDA ya mpaka ambako motokari itapitia, aulize juu ya mwaka na usukani wa motokari ile ile, na arudi na jibu lililoandikwa. Safari hiyo ni bei ndogo. Motokari iliyokwama kwenye kiwanja cha duane inalipishwa kila siku.

Ile bei ya kwenye simu pia inahitaji kusomwa vizuri. Mara nyingi ni bei ya motokari ikiwa bado bandarini Japani. Meli na bima zinaongezwa mpaka Dar es Salaam. Kisha kuna gharama za bandari, za wakala, na za njia. Duane ya Kongo inahesabu ushuru juu ya bei pamoja na usafiri na bima, na juu ya hayo inakuja TVA ya 16 kwa mia. Mashirika yasiyo ya kutafuta faida yanaweza kuomba kusamehewa ushuru, lakini maombi yanapelekwa kabla mzigo haujafika, kupitia ofisi ya communauté. Kwa hesabu ya halmashauri, nashauri hivi: kama feza zote zilizochangwa zinalingana na bei ya kwenye simu, bado hamna motokari, mna nusu yake. Mnara wa Luka 14 mnaujua wenyewe.

Njia ya kufika kwetu ni hesabu nyingine. Kutoka Dar es Salaam wengine wanapita Zambia mpaka Kasumbalesa na Lubumbashi, kisha kupanda kaskazini. Reli ya SNCC inakuja mpaka Kongolo, Samba na Kindu, na treni ikipatikana, wagoni inaokoa motokari na mashimo mengi. Wengine wanapita Kigoma, wanavuka ziwa Tanganyika mpaka Kalemie. Njia ya zamani ya Bukavu, RN2 kupitia Kamituga, ilikuwa mbaya tangu zamani, na tangu vita ilipofika Goma na Bukavu mwanzo wa 2025 kuna tatizo la karatasi pia: duane iliyolipwa kwa watawala wa huko inaweza kukataliwa mahali ambapo serikali inatawala, na mnunuzi akalipishwa mara ya pili. Vilevile motokari inayouzwa sasa kwa bei ya chini sana kutoka miji hiyo, muulizeni mwenyewe alivyoipata. Gari nyingi za mashirika na za watu zilibadilisha mikono humo bila mwenyewe kuuza.

Sasa jambo ambalo limeumiza makanisa kuliko matope yote. Karte roze iandikwe jina la nani? Mara nyingi inaandikwa jina la mchungaji, kwa sababu ni rahisi, ao jina la ndugu aliyetuma feza nyingi. Mchungaji anahamishwa, ao anafariki, na familia inakuja kuchukua mali ya baba yao. Kwa sheria familia haina kosa: karatasi inasema ni yake. Makanisa yetu yanaishi chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya kutafuta faida, na mwenye kuwa mtu mbele ya sheria ni communauté, si kanisa la mtaa wala mchungaji wake. Kwa hiyo karatasi za duane, namba na karte roze ya DGI zitoke kwa jina la communauté, kwa sahihi ya mwakilishi wake wa kisheria, na barua ya pembeni iseme kwamba motokari ni ya kutumiwa na wilaya fulani. Barua hiyo inalinda upande wa pili pia, maana wengine wanaogopa, si bila sababu, kwamba ofisi ya juu itaichukua.

Feza nazo zisitumwe kwa simu ya mtu mmoja. Kampuni ya kweli inatoa faktiri yenye jina la mnunuzi na inalipwa kwenye konti ya benki yenye jina la kampuni ile ile. Muuzaji akiomba jina lingine, simameni hapo. Bima ya lazima mnaweza kutafuta kwa kampuni mbalimbali. Sheria ya Machi 2015 iliondoa SONAS kuwa peke yake.

Wekeni pia feza kando kabla ya motokari kufika: mipira minne, filta, breki, amotisere, na mshahara wa dereva wa miezi sita. Piyesi zinunuliwe pamoja na motokari huko Dar es Salaam na kuja ndani yake, kwa sababu kuziagiza moja moja kutoka Kasongo kunachukua majuma.

Na hesabuni miezi kwa kurudi nyuma. Meli kutoka Japani inachukua mwezi ao zaidi, bandari na mpaka vinachukua majuma, ziwa ao reli vinangoja siku yao. Ili motokari ipite barabara ya mwisho Julai, udongo ukiwa mkavu, feza zinapaswa kuwa tayari Februari. Zikitimia Juni, ziacheni benki mpaka mwaka unaofuata.