Mwili unatembea, na moyo uko wapi?

Mapadri wa paroki, wakatekista na waseminari tunafanana kwa neno moja: siku haitutoshi. Kuna Misa, mafundisho, wagonjwa, hesabu za paroki, mikutano ya mashirika, masomo. Mtu akitushauri tufanye mazoezi ya mwili, tunajibu upesi: «Saa tutaipata wapi?» Na pengine tukiyafanya, tunayafanya mbio mbio, moyo ukiwa umekwisha kufika kwenye kazi inayofuata. Tunataka kuonyesha hapa mambo mawili: kwanza, kwamba saa ile tunayo tayari, pili, kwamba faida yake haitimii kama moyo haupo pamoja na mwili.

1. Upinde usiolegezwa

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliposema juu ya mchezo na mapumziko katika Summa yake, alirudia hadithi ya zamani juu ya Mtakatifu Yoane Mwinjili. Watu walikwazwa kumwona akicheza pamoja na wafuasi wake. Yoane akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, na mwingine tena. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivi bila kuacha. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yoane akawafahamisha kwamba moyo wa mtu nao huvunjika, usipolegezwa hata kidogo.

Maneno haya hayawahusu wavivu. Yanawahusu watu wa kazi. Tumeona watumishi wenye bidii wakianguka mbele ya wakati: damu inapanda, sukari inazidi mwilini, usingizi unakimbia. Na hawaumii peke yao. Anaumia pia mkristu anayekuja kuungama jioni akakuta padri mwenye hasira. Anaumia mtoto wa katekismu anayekaripiwa bure. Kwa hiyo kutunza mwili si anasa, wala si kujipenda mno. Ni sehemu ya mapendo kwa jirani.

2. Saa tunayo tayari

Shirika la Afya la Dunia (OMS), katika mashauri yake ya mwaka 2020, linasema kwamba mtu mzima anahitaji kila juma dakika 150 mpaka 300 za kutembeza mwili kwa nguvu ya kadiri. Zamani walidai kila kipande kifike walau dakika 10. Sasa hawadai tena hivyo. Kila kipande, hata kifupi, kinahesabiwa.

Basi mtu wa Nyamianda asiende mbali kutafuta uwanja. Mji wetu wa Uvira ni mrefu na mwembamba: upande mmoja ni Ziwa Tanganyika, lililo mita karibu 770 juu ya bahari, upande mwingine ni milima inayopanda kupita mita 3.000. Kati yake inapita Barabara ya Taifa namba 5. Katekista anayekwenda kwa miguu kwenye shirika lake dakika 15, na kurudi dakika 15, amepata dakika 30. Akifanya hivi siku 5, amefikisha 150, na kazi ya Mungu imefanyika pia. Pikipiki tuiachie safari ndefu na mgonjwa aliye karibu kufa.

Lakini tuwe na akili. Tusihubiri mazoezi kwa mama anayeshuka mlimani na kuni au mihogo mgongoni. Mwili wake umefanya kazi kupita kadiri. Yeye anahitaji mapumziko, chakula, na mtu wa kumpokea mzigo. Tunasema hapa juu ya sisi tunaokaa muda mrefu kitini.

3. Moyo uliotawanyika

Sasa tufikie shina la jambo. Mtu anatembea, telefone sikioni. Au amenyamaza, lakini ndani anabishana na mtu aliyemkosea jana. Mwili uko barabarani, moyo uko ofisini. Mabega yamekazana, pumzi ni fupi, macho hayaoni wala jiwe wala baiskeli inayokuja. Anafika na jasho, lakini mzigo wa mawazo ni uleule. Miguu imepata faida, moyo haukupumzika.

Uangalifu wa moyo ni kinyume chake: ni kuwapo mzima pahali ulipo, katika jambo unalolifanya. Mpanda milima anajua hili vizuri. Achille Ratti, padri wa Milano na msomi wa maktaba ya Ambrosiana, alipanda mlima Monte Rosa mwaka 1889, na mwaka 1922 akawa Papa Pio XI. Katika jabali kama lile, anayefikiri juu ya vitabu vyake anaanguka. Hatua moja inadai mtu mzima.

Wengine watauliza: «Je, si mambo ya dini nyingine hayo?» Ni kweli, mwaka 1979 huko Marekani, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alianza kuwafundisha wagonjwa uangalifu wa namna hii, akichota katika mapokeo ya Wabuda. Lakini tupambanue. Nguvu ya kuangalia na kutulia Muumba ameiweka katika kila mtu. Mafundisho ya Wabuda juu ya ulimwengu ni jambo jingine, nasi hatuyachukui. Tena sisi wenyewe tuna urithi. Mtakatifu Inyasi, katika Mazoezi ya Roho yaliyokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anaanza kwa kuyafananisha mazoezi hayo na kutembea na kukimbia kwa mwili. Mbele zaidi anafundisha namna ya kusali neno moja kwa kila pumzi.

Hata hivyo tusichanganye: uangalifu peke yake si sala bado. Ni kama kufagia nyumba. Mgeni bado anapaswa kukaribishwa.

4. Namna ya kufanya

a) Kabla ya kuondoka, tusimame kidogo, tufanye ishara ya msalaba, tuweke nia. Telefone ikae mfukoni, isipokuwa tunangojewa na mgonjwa.

b) Katika hatua 100 za kwanza tuangalie mwili tu: mguu unavyogusa udongo, mabega, pumzi. Mawazo yakikimbia, tusigombane nayo. Tuyarudishe polepole kwenye hatua, hata mara 20.

c) Kisha tuunganishe neno fupi la sala na pumzi. Jina la Yezu linatosha.

d) Tuchague mwendo wa kadiri: ule unaotuacha tuweze kusema na mwenzetu, lakini si kuimba. Jua la Uvira ni kali. Asubui na jioni ndizo saa nzuri, usalama ukiruhusu.

e) Kwenye baiskeli, uangalifu wote uwe barabarani. Rozari mkononi katikati ya magari si ibada, ni hatari.

f) Mwenye shamba au bustani afanye vivyo hivyo na jembe: abadilishe mikono, asikie mgongo unavyosema. Mpira wa waseminari nao una faida ileile, mradi mchezaji awe mchezoni, si katika hasira ya goli lililopita.

g) Tukifika, tujiulize: mwili wetu umetuambia nini leo? Maumivu ya kifua au kizunguzungu si majaribu ya kushindwa kwa ushujaa. Tusimame, tumwone mganga wa hospitali.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinti kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu linatunzwa, na tena linakaliwa. Kesho, kwa hiyo, tuchague njia moja tunayoipita kila siku, kutoka nyumbani mpaka kanisani au mpaka shuleni, tuitembee mara moja tukiwa wazima, mwili na moyo pamoja. Watu watakaotukuta mwisho wa njia ile watajua tofauti.