Kahawa yetu ndani ya kontena: kihisi kinaona nini, na ni nani atalipa?



Kahawa ikishatoka ku stesheni ya kuoshea, ikapimwa, ikatiwa mu mifuko na kupakiwa, wengi wetu tunasema kazi imeisha. Kumbe safari ndiyo inaanza: kutoka Kivu hadi bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, kisha wiki kadhaa baharini mpaka Ulaya. Kahawa ikifika na harufu ya uvundo, mununuzi haulizi kwanza barabara ilikuwa namna gani. Anaandika barua: bei ishuke, ama mzigo ukataliwe.

Siku hizi wanunuzi na makampuni ya meli wanaweka mu kontena apareyi ndogo inayopima joto na unyevu njia yote. Kwa Kiswahili inaitwa kihisi. Wengine wanasema kapteri. Swali la mwanamemba ni moja: ile kitu iko ya kutupeleleza ao ya kutusaidia? Inategemea kama na sisi tuko na hesabu zetu za kuweka pembeni ya zake.

Maji yanatoka wapi, na kontena imefungwa?

Kontena ya futi 20 inabeba karibu mifuko 320 ya kilo 60, maana yake kilo 19.200. Kahawa yenye unyevu wa asilimia 12 ukiishika mukononi ni kavu. Lakini tupige hesabu: mu ile kontena muko karibu litre 2.300 za maji, zimejificha ndani ya mbegu. Ni mapipa 11 ya litre 200 na zaidi.

Muchana jua linapiga juu ya chuma. Hewa ya ndani inapata joto na kahawa inatoa sehemu ya maji yake. Usiku chuma kinapoa haraka, na ule muvuke unageuka matone ku dari. Munajua kifuniko cha chungu cha maharagi: ukikiinua, maji yanachuruzika. Ku kontena ni vile vile, ila matone yanaangukia mifuko ya juu. Watu wa bandari wanaita hiyo mvua ya kontena.

Na safari yetu inaruhusu ile mvua kunyesha. Kahawa inatoka ku milima ya Kivu, zaidi ya metre 1.400. Ile inayopita Uganda kwenda Mombasa inapanda tena Kenya, pande za Timboroa, zaidi ya metre 2.500, mahali usiku ni baridi kali. Kisha inashuka ku joto la pwani, na mwisho inaingia Ulaya, pengine mu miezi ya baridi.

Kahawa iliyolowa inashika ukungu, na ukungu fulani unatoa sumu inayoitwa okratoksini A. Toka tarehe 1 Januari 2023, Umoja wa Ulaya umepunguza kiwango kinachoruhusiwa mu kahawa ya kukaangwa kutoka mikrogramu 5 mpaka 3 kwa kilo. Mukaangaji anayejua hivyo hatachukua mfuko wenye ukungu juu ya huruma.

Kihisi kinafanya kazi gani?

Viko vya aina mbalimbali. Kile cha bei ndogo kinaandika tu: kila baada ya muda fulani kinapima joto na unyevu wa hewa, kinaweka mu kumbukumbu, na mununuzi anasoma yote kontena ikifunguliwa. Kingine kiko na kadi ya simu na GPS. Kinatuma habari kikipata rezo. Baharini, mahali hakuna rezo, kinazitunza mpaka kifike karibu na inchi kavu. Vingine vinahisi mwangaza, basi mlango ukifunguliwa vinaandika siku na saa. Viko pia vinavyohisi kugongwa ao kuanguka kwa kontena.

Kwanza vilienea ku kontena za baridi, zile za nyama, samaki na matunda. Sasa vinaingia ku kontena za kawaida kama zetu. Mwaka 2022 kampuni ya Ujerumani Hapag-Lloyd ilitangaza kwamba itaweka apareyi ku kontena zake zote za kawaida, zioneshe mahali ziko, joto la pale, na kama zimegongwa. Ku barabara pia, toka 2017 duane za Kenya, Uganda na Rwanda zinafuata mizigo inayopita kwa sili ya elektroniki: mutu akigusa sili njiani, biro inajua.

Lakini tusidanganyike. Kihisi hakikaushi kahawa. Hakizibi tundu la kontena. Kinaandika tu kile kilichotokea. Ni kama mwandishi wa mukutano: akiwa mu chumba, mutu hawezi kukana kesho yale aliyosema leo.

Namna ya kusoma hesabu zake

Hapa wengi wanachanganya mambo mawili. Unyevu wa kahawa ndio tunaopima ku depo: Shirika la Kimataifa la Kahawa linaomba usipite asilimia 12,5 na usishuke chini ya 8. Kihisi hakipimi ule. Kinapima unyevu wa hewa iliyo ndani ya kontena. Kahawa yenye unyevu wa 11 mpaka 12 inakaa vizuri na hewa ya karibu 60 mpaka 65. Basi mutu akikuonyesha karatasi iliyoandikwa «62», usiogope. Haisemi kahawa yako iko na maji 62.

Sasa angalia mustari unavyopanda. Tuseme hewa ilikuwa juu ya 70 toka siku za kwanza, mbele hata ya kufika mpaka. Hiyo inaonyesha kahawa ilipakiwa bila kukauka sawasawa, ao kontena yenyewe ilikuwa na mbao zenye maji. Kosa ni la pale ilipopakiwa. Tuseme tena mustari ulilala karibu na 62 siku kumi na mbili, kisha usiku mumoja mwangaza ukaingia, na toka pale unyevu ukaruka mpaka 90. Hapo kahawa yetu ilitoka muzima, na jambo lilitokea njiani. Kahawa ni ileile, uvundo ni uleule, lakini mwenye kulipa si yule yule.

Angalia pia saa. Apareyi nyingi zinaandika saa ya kimataifa, UTC. Ongeza saa mbili upate saa ya Goma na Bukavu, saa tatu upate ya Mombasa. Bila hivyo mutawashitaki watu wa mpaka kwa jambo lililotokea kamyo ikiwa mahali pengine.

Mzigo uko juu ya kichwa cha nani?

Rudi ku mukataba. Kama umeandikwa FOB Mombasa, hatari ni ya muuzaji mpaka kahawa ipande ndani ya meli. Maana yake barabara yote, na kungoja kote ku mipaka na ku bandari, ni juu ya kooperative. Kama ni FCA ku depo yetu, hatari inahamia kwa mununuzi pale tunapomukabizi mzigo. Herufi tatu hizi zina uzito kuliko apareyi yote. Kiongozi wa kooperative asiweke sahihi bila kuziuliza.

Na kihisi ni cha nani? Kwa kawaida ni cha mununuzi ao cha kampuni ya meli, na hesabu zinaenda kwao. Wakitaka kudai, watatoa ukurasa unaowafaa. Kama hatukuandika mukatabani kwamba tutapewa hesabu zote, toka siku ya kupakia mpaka ya kufungua, tutabishana bila karatasi. Na mutu asiye na karatasi njo mwenye kulipa.

Tufanye nini siku ya kupakia

1. Pima unyevu wa kila loti mbele ya watu wawili, andika, weka sahihi na tarehe. Loti iliyopita 12 irudi ku meza za kukaushia. Isichanganywe na ingine.

2. Tunza sampuli ya kila loti mu mfuko uliofungwa vizuri, na namba yake, mpaka pesa yote ilipwe.

3. Ingia mu kontena tupu muchana, mufunge milango. Ukiona mwangaza, iko tundu: ikatae. Gusa mbao za chini na unuse. Zikiwa na maji, ao harufu ya mafuta, samaki ao dawa, ikatae pia.

4. Funika kuta na dari kwa karatasi nzito ao katoni, na omba mifuko ya dawa inayonyonya unyevu itundikwe. Mifuko ya kahawa isiguse chuma. Kama mununuzi anataka mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ndani ya gunia, ni vizuri zaidi, lakini kahawa iwe kavu kwanza, sababu ule mfuko unafungia maji ndani pia.

5. Kihisi kisifichwe katikati ya mifuko. Kikae juu, karibu na dari, mahali matone yanaanza. Piga picha ya namba yake, ya namba ya kontena na ya sili.

6. Kama kontena inabadilishwa njiani, ao kahawa inahamishwa kutoka kamyo mpaka kontena ku bandari, anayesimamia aandike tena hali ya mifuko na aitume kwa simu siku ileile.

Kazi hii inaomba asubuhi moja, kalamu na simu yenye kupiga picha. Kontena moja inabeba jasho la familia nyingi, mara nyingi la musimu mzima. Mununuzi akifika na hesabu za kihisi chake, sisi tufike na daftari letu. Hapo tutaongea kama wafanyabiashara wawili, si kama mushitakiwa na hakimu.